Hakupotea, Alipotezwa

Shangazi yangu alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na mbili. Mawakili walimwita Mama Kamusi, na jina likamganda, maana hakuna neno la Kiingereza lililompiga chenga. Shahidi hajafunga mdomo, yeye ameshageuza. Aliwakalimania wezi, wauaji, hata mama mmoja aliyemtilia mwanawe sumu. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni na kutuambia, "Leo nimebeba maneno mazito, msinisemeshe."

Kesi iliyomharibia mdomo ilikuwa ya tanuru la chokaa.

Mfanyakazi mmoja wa tanuru alikataa kuingia kusafisha ndani kabla halijapoa. Wiki iliyotangulia mwenzake aliingia, akatolewa macho yameiva kama mayai. Basi akasimama mlangoni na kusema leo haingii mtu. Siku hiyo hakurudi nyumbani. Badala yake mkewe alipata barua ya kampuni, Kiingereza kitupu, kwamba mkataba wa mumewe ulikuwa "lapsed". Yaani umekwisha wenyewe, kama maziwa yanavyochacha.

Mwaka ulipita kabla msimamizi wa tanuru, waliyemwita Nyundo, hajapandishwa kizimbani. Maiti haikuwepo. Kesi nzima ilimtegemea mjane, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Jaji hakukulia kwenye Kiswahili, na kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza.

"Mumeo alipatwa na nini?" wakili wa serikali akauliza.

"Alipotezwa," akajibu mjane.

"He disappeared," akasema shangazi, upesi kama kawaida yake.

Wakili wa utetezi akainuka kama aliyechomwa sindano. "Umesikia, Mheshimiwa? Alitoweka! Wanaume hutoweka kila siku, waulizeni wake zao." Chumba kikacheka. Nyundo naye akacheka hadi magego yakaonekana.

Shangazi alipomgeuzia mjane maneno hayo, yule mama alimkazia macho. "Dada, mimi sikusema alipotea. Nimesema alipotezwa. Wewe umewaambia nini?"

Shangazi akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, kosa ni langu. Mama anasema kuna waliomfanya asiwepo. Neno nililotumia halina mkono wa mtu ndani yake."

"Basi tumia jingine," akasema jaji.

Akatafuta. "Vanished" ni moshi. "Perished" ni matunda, au abiria waliozama. "Ceased" ni mvua iliyokatika. "Extinct" ni wanyama wa zamani. Vyote hivyo hujiendea vyenyewe, na hakuna wa kukamatwa. Mwishowe akaacha kutafuta neno moja, akasema sentensi nzima: watu walimwondoa duniani, na mama huyu anawajua. Wakili wa utetezi akapiga meza akidai mkalimani amegeuka shahidi. Jaji akamwambia akae, kisha akaagiza mjane aulizwe ni akina nani.

Mjane akanyoosha kidole kizimbani. Siku ile alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana, akasimama nyuma ya lundo la mawe. Nyundo alimpiga mumewe kisogoni kwa sepetu. Akaanguka, akajaribu kuinuka kwa magoti, akapigwa tena, na tena, mpaka mpini ukakatika. Nyundo akaagiza mpini mwingine. Kisha watu wawili wakamshika miguu, wakamburura hadi mdomo wa tanuru, na alikuwa bado anakoroma. Shangazi aliyageuza yote, sentensi kwa sentensi, bila kulia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wakati wa mapumziko alikwenda bombani, kwenye ukumbi wa nyuma, kunawa uso. Shemeji yake Nyundo alimfuata na kipande cha chuma.

"Mdomo wako ndio unaotumaliza," akamwambia, akaupiga.

Taya likavunjika. Meno manne yakamwagika kwenye sinki. Alipoinua chuma mara ya pili, shangazi alimkamata mkono, akamng'ata kidole gumba kwa meno yaliyobaki hadi akasikia mfupa. Yule bwana akapiga yowe, akampigiza ukutani, na mara mjane akatokea na stuli ya karani. Akampiga nayo kichwani. Jamaa alipoanguka, mjane hakuacha, alimpiga mabegani, mgongoni, usoni, huku akisema kwa ile sauti yake ndogo, "Na wewe potea. Na wewe potea."

Shangazi, damu imemjaa kinywani, alitambaa akamkumbatia mjane miguu. Hakuweza kutamka kitu. Alimng'ang'ania tu, maana pigo moja zaidi lingempeleka mjane kizimbani. Askari walipofika walimkuta bado ameshikilia.

Tanuru lilichimbuliwa. Ndani ya majivu palipatikana bizimu ya mkanda na mfupa wa goti. Nyundo na wale wawili, waliokamatwa baada ya ushahidi huo, walifungwa maisha, shemeji miaka tisa. Mjane alipewa mfupa ule ndani ya sanduku la ukubwa wa sanduku la viatu, akauzika.

Taya la shangazi lilifungwa kwa waya wiki sita. Lilipofunguliwa, herufi za s zilitoka na mluzi, naye hakutaka tena kusimama mbele ya watu. Akahamishiwa masjala kutafsiri nyaraka, kazi ya kimyakimya. Sisi tulimwita shujaa. Alitukatiza: "Shujaa gani? Mimi ndiye niliyewachekesha watu juu ya kifo cha mume wa mtu."

Nilimsikia akimwomba mjane msamaha, mara moja tu, uani kwetu, siku mjane alipokuja kumtembelea, wakianua nguo. Mjane aliendelea kukunja shuka.

"Uliniumiza," akasema. "Shika ncha hiyo tukunje."

Shangazi akaishika.