Uyoga wa Mikayi

Katika boma letu upande wa Ndhiwa tulikuwa wake wawili, na sheria ilikuwa moja: mikayi, yaani mke mkubwa, hupanda kwanza, huvuna kwanza, huonja kwanza. Mdogo akimtangulia, chira, laana ya kuvunja mwiko, inamwingia, anakonda yeye na watoto wake mpaka waishe. Mikayi wetu alisali kila Sabato na kuwafundisha akina mama Biblia, lakini sheria hiyo hakuiona kuwa ya kipagani. Ilimfaa.

Miaka ya tisini, msimu mmoja jua lilitukaushia kunde zote, bwana shamba akatuletea mbegu ya uyoga ndani ya chupa kutoka Homa Bay. Ukiitazama, ilikuwa punje za mtama zilizofunikwa na nyuzi nyeupe. Mikayi akanusa chupa.

“Huu ni mtama umeoza.”

“Hapana, mama,” akasema bwana shamba. “Hizo nyuzi ndizo uyoga.”

“Lakini chini ni mtama?”

“Ni mtama, ndiyo.”

“Basi nitapanda mimi kwanza.”

Uyoga umeota kwenye vichuguu tangu dunia iumbwe na haujawahi kuuliza mikayi yuko wapi. Lakini nilikuwa na watoto na sufuria isiyo na mboga, kwa hiyo nikangoja zamu yangu.

Tulichemsha mabua ya mahindi kwenye pipa, tukayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu na jasi kidogo, ule unga mweupe wa chaki, mikayi akitangulia. Bwana shamba akatueleza kwamba ndani ya jasi mna salfa, na bila salfa uyoga hauwezi kujenga mwili. Zile nyuzi zina vijilango vyake: uyoga ukiwa na njaa ya salfa huvifungua, ukishiba huvifunga. Kwa hiyo kidogo kinatosha. Mikayi aliacha kusikiliza kwenye neno salfa.

Salfa aliijua. Mume wetu alikuwa nayo kwenye mkebe, unga wa manjano wa kunyunyizia nyanya zisishikwe na ukungu. Kesho yake nikamkuta mikayi kwenye kibanda chake, anaimimina kwenye mifuko yake ya uyoga, mikono ya manjano mpaka viwikoni.

“Mikayi, hiyo si ndiyo dawa ya kuua ukungu?”

“Ni chakula. Hukusikia? Au masikio uliyaacha kwenu Migori?”

“Alisema jasi.”

“Alisema salfa. Wewe lisha wako kimaskini. Wangu utashiba.”

Sasa vijilango vitafungwa vipi mbele ya mkebe mzima? Unga ule ulitengenezwa kwa kazi moja, kuua ukungu, na uyoga ni wa ukoo mmoja na ukungu; nao ukaifanya. Mifuko yangu ilienea weupe kama maziwa yaliyoganda. Yake ilibaki kahawia, ikanuka yai bovu, naye akawaambia wenzake wa kanisani kwamba hiyo ndiyo harufu ya nguvu.

Uyoga wangu ukachomoza, mnene, umepangana kama masikio. Na uyoga haungoji mtu. Ukiuacha unalegea na kuoza. Nikamwendea mume wetu.

“Mzee, nichume?”

“Mikayi amevuna?”

“Mikayi ana matope yanayonuka.”

“Basi ngoja.”

Yeye angeweza kungoja. Alikuwa ametoka kula samaki kwa mikayi.

Nikaenda kwa mikayi mwenyewe, nikamkuta anachambua maharagwe. “Mama, naomba uvune, ili na mimi nivune.”

“Nivune nini?”

“Uyoga.”

“Uyoga si mazao,” akasema bila kuinua uso. “Nani ameuona ukipaliliwa? Uyoga unaokotwa tu. Ulikuwa unangoja nini, watoto wako wafe njaa?”

Majibu nilikuwa nayo mengi, mpaka leo ninayo. Nikakimbilia kisu.

Nikaupika kwa nyanya na kitunguu. Mikayi akaja na sahani yake mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka nikampakulia. Akaonja, akasema chumvi imepungua, akaketi. Watoto walikuwa wameshamaliza, wananyoosha sahani kuomba tena.