Reli Iliyotoka Kisesa

Jumanne nilikuwa kwenye duka la vipuri mjini Mwanza, nyuma ya mzee mmoja, seremala kutoka Nansio. Mashine yake ya kuchonga milango kwa kompyuta, aliyoiunda mwenyewe, ilikuwa imesimama kwa sababu reli moja, chuma ambacho kichwa cha kuchongea huteleza juu yake, ilikuwa imepinda.

"Mpaka tuagize nje, mzee," muuzaji akasema. "Miezi miwili."

Mzee akashusha pumzi. "Na milango ya kanisa niliyoahidi?"

Dada mmoja mwenye ovaroli akasogea. "Shikamoo, baba. Reli yako ina urefu gani?"

"Marahaba. Mita moja na nusu."

Akatoa begini vipande vitatu vya reli vinavyofanana, kila kimoja nusu mita. Akaviunga kwa boliti juu ya kaunta, kisha akapachika kigari kidogo chenye beringi.

"Sukuma, baba."

Mzee akasukuma kwa kidole kimoja. Kigari kikateleza hadi mwisho, bila kukwama hata kwenye maungio.

"Kipande kikipinda unabadilisha hicho tu," dada akaeleza. "Ukitaka mashine kubwa zaidi, unaongeza kingine. Alhamisi nitakuja Nansio kukufungia."

Muuzaji akainama kuikagua. "Hii imetoka nchi gani?"

"Kisesa, hapa jirani tu. Nimeibuni na kuitengeneza mwenyewe."

Muuzaji akamgeuzia daftari lake la oda na kumpa kalamu. "Niandikie namba yako hapa, fundi."

Mimi hata balbu huwa nabadilishiwa na mke wangu, lakini nilitoka pale nimenyoosha mgongo kana kwamba reli ile nimeibuni mimi.