Mkono wa Mbula na Dirisha la Nzioka

Mkono wa kushoto wa Mbula ulikuwa na ukaidi wake. Miaka mingi alipiga taipureta katika ofisi ya kanisa pale Kikima, na kila mwisho wa mstari mkono huo ulisukuma kile chuma cha kurudisha karatasi. Mwaka wa 1996 wahisani walileta kompyuta, isiyo na chuma chochote. Mkono ukaendelea kusukuma hewa.

Kusukuma hewa si dhambi. Shida ilikuwa kipanya, ambacho Nzioka, karani kijana mwenye shoto, alikiweka upande huohuo. Tena aliipanga kompyuta apendavyo yeye: dirisha lolote lililoguswa na mshale ndilo lililopokea maandishi, bila kubonyeza. Basi Mbula, macho kwenye karatasi, alipopunga mkono, kipanya kilisogea, mshale ukahama na maneno yakaenda kusikojulikana.

"Mwaitu," Nzioka alimwambia, kama mtu amwitavyo mama yake, "kubonyeza-bonyeza kila saa inachosha. Zoea tu."

"Mimi nataka dirisha ikae pale nimeiweka, mpaka nibonyeze ingine."

Kila Mbula alipobadilisha mpangilio, Nzioka aliurudisha. Na wazee wa kanisa walishaanza kuuliza kama mama huyu bado anaiweza kazi. Mbula aliogopa. Kazi hii aliipenda, na hakuwa na nyingine.

Ijumaa moja alichapa wasifu wa marehemu Ndinda, wa kusomwa mazishini. Mstari mmoja ukapotea. Akauchapa upya, akaenda zake nyumbani. Nzioka naye akachapisha matangazo yake ya Jumapili, yaliyokuwa wazi katika dirisha jingine la kompyuta hiyohiyo, bila kuyasoma. Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia hayo bwana harusi mtarajiwa?

Jumapili mzee Mulei alisimama mbele, akavaa miwani. Mulei husoma kilichoandikwa, liwe liwalo.

"Nzioka anatarajia kumwoa Mumbua," akasoma. "Ameacha mume na watoto sita."

Kwaya ikaangua kicheko. Mbula alitamani ardhi ipasuke immeze, maana mstari ule aliujua.

Jumatatu Nzioka aliingia ofisini amefura. "Ni huo mkono wako, mwaitu! Leo nawaambia wazee."

Nyuma yake alikuwa Mumbua, amekuja kudai maelezo. Mbula akamweleza yote: mkono, kipanya, mshale, na ule mpangilio uliorudishwa kila siku. Mumbua alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akamgeukia mchumba wake.

"Kumbe ni kubonyeza mara moja tu? Nzioka, kama hiyo unamnyima mama, mimi nikiwa kwako utanipatia nini?"

Nzioka aliketi, akabadilisha mpangilio, kisha bila kuambiwa akahamishia kipanya upande wa kulia.

Mbula akachapa mstari wa kwanza. Mkono ukasukuma hewa, na maneno yakabaki palepale alipoyaweka.