Maumivu ya Arafa Hayakujua Kiingereza

Kwa wiki kadhaa Arafa alikuwa akitembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtoka. Alitandika vitanda vya hoteli mtaa wa Al Sadd, katika nchi ya Kiarabu alikokwenda kufanya kazi, na mashuka meupe yalipanda na kushuka mbele ya macho yake kama yanahema. Sauti za watu zilimfikia kwa mbali, kama zimepita majini kwanza. Mara nyingine alisimama katikati ya chumba, foronya mkononi, akinusa karafuu zilizoanikwa kwao Wete, akasahau alichoingilia.

Siku alipoanguka ukumbini, msimamizi wake alimruhusu aende kliniki ya serikali. Karani wa dirishani, kijana mwenye sauti ya upole, alimwonyesha tangazo jipya kwenye kioo: mgonjwa ajieleze mwenyewe, kwa Kiingereza tu.

Arafa alikuwa na Kiingereza chake, cha taulo, sabuni na salamu za asubuhi. Hakikuwa na kizunguzungu ndani yake. Aligusa kifua, akagusa kichwa, akagusa magoti. Karani alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa, akamwita aliyefuata.

Jioni, katika chumba walichopanga pamoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alimsimulia Nasimiyu, Mkenya wa Bungoma aliyekuwa mlinzi wa maduka.

"Tangu lini ugonjwa ukafanyiwa mtihani?" Nasimiyu alifoka.

"Ndiyo sheria yao, shoga yangu."

"Kesho niko ofu. Tunaenda wote."

Walikwenda. Karani akasema Nasimiyu, ambaye Kiingereza anakijua vizuri, haruhusiwi kumsemea mgonjwa. Nasimiyu akaanza kubishana. Arafa aliviegemeza viwiko dirishani, kwa kuwa miguu ilikuwa inamtoroka, akaanza kusema kwa Kiswahili, polepole, kama anamsimulia mtu ndoto.

"Mwanangu, sijui kama utanielewa. Moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa. Nikiinuka, sakafu inainuka nami. Mwili mzito, kichwa chepesi. Naogopa nitalala nisiamke."

Watu kwenye foleni waliinua vichwa. Mwanamume mmoja wa Nepali akasogea, akasema jambo kwa lugha yake huku akishika mgongo. Mama mmoja kutoka Bangladeshi naye akasema la kwake. Kwa Arafa sauti zile zilikuwa kama mvua inayoanza juu ya bati.

Nasimiyu akamgeukia karani. "Hawa wote wanaumwa. Mkiwarudisha kwa sababu ya lugha, mtabaki kumtibu nani?"

Karani alilitazama lile tangazo kitambo, kisha akaingia ndani. Alirudi na daktari, mama wa makamo mwenye hijabu ya kijivu.

"Lugha yake unaijua?" daktari alimuuliza Nasimiyu. "Ingia naye."

Vipimo vilionyesha damu yake imepungua mno.

"Mwambie angekuja mapema," daktari alisema.

Nasimiyu alipotafsiri, Arafa alijibu neno moja. "Nilikuja."

Daktari aliinamisha uso, akaandika dawa.

Dawa zilimrudisha Arafa duniani taratibu. Lakini Nasimiyu hakukubali yaishie hapo. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, alizungumza na Wakenya na Waganda. Arafa alizungumza na Watanzania wenzake. Wakaenda kundi dogo kwa mkuu wa kliniki, na Arafa akasema mbele yake, Nasimiyu akitafsiri, kwamba hakuna anayekataa kujifunza Kiingereza, ila homa haisubiri mtu amalize kujifunza.

Mkuu aliwasikiliza, akasema amri imetoka juu, si yake. Mwezi uliofuata tangazo likabadilishwa: Kiingereza kiko palepale, lakini mgonjwa aweza kuja na wa kumsemea.

"Ni nusu," Nasimiyu alinung'unika.

"Nusu yenyewe, wengine watapona nayo," Arafa alisema. "Nusu iliyobaki tutarudi kuidai."

Akajisogeza kwenye benchi la kliniki ili Mganda mmoja, mgeni kabisa, apate pa kukaa, akamuuliza kwa Kiswahili anaumwa nini.