Majina Tuliyompa Dada Skola

Ka-chak! Mlio huo, wenzangu, mpaka leo ukinipita sikioni unanikausha mate. Juzi nilikuwa barazani kwangu hapa Mtawanya, nnapepeta mchele, mjukuu wangu Zuhura akanijia na simu yake mkononi. Zuhura yuko chuoni Dar, anasomea kupiga picha. Mie nilidhani picha ni kidole tu, kumbe watu wanakwenda darasani miaka. Mwalimu wao kawapa kazi, kila mmoja alete sura za watu kumi. Basi akaninyooshea hiyo simu. "Bibi, usicheke. Bibi, tazama huku. Bibi, usikodoe." Ka-chak! Halafu akaniuliza, kwa ile sauti yao ya ofisini inayotokea puani, "Jina lako kamili nani, niandike chini ya picha?"

Jina langu analijua tangu hajaota meno. Lakini ulimi wangu uliganda. Yeye kacheka, kasema Bibi kazeeka. Sikuzeeka. Nilikuwa nimerudi kwetu bondeni, nna miaka minane au tisa, bega langu limebonyea kwa mkoba wa Dada Skola.

Kalamu mie siijui. Haya nayasema, Zuhura anaandika, na nimemkataza asininyooshee maneno yangu.

Siku hizo tungali tunakaa chini kabisa, kule ambako mto Rufiji unaanza kujigawa kwenda kwenye mikoko. Maji yakijaa tunalala juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, yakipungua tunashuka tunapanda mpunga kwenye tope lenye harufu ya samaki. Na mto ule ulikuwa na mamba. Mwaka huo huo, kabla mpunga haujachanua, mamba alikuwa kamchukua jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, ndoo ikabaki inaelea. Sasa sikieni, maana hapa ndipo mambo yote yalipoota mizizi. Kwetu mamba ni wawili. Yuko mamba wa Mungu, huyo anakula anayemkuta. Na yuko mamba wa kutumwa, huyo hali ila mtu aliyetajwa kwake kwa jina. Ndiyo maana bandarini kwetu, pale pa kuteka maji, hakuitwa mtu kwa jina. Ukimtaka mwenzio unapiga mluzi, au unasema "wee!", wanageuka kumi, mmoja ndiye wako.

Katikati ya hofu hiyo akashuka kwenye mtumbwi msichana mrefu, sketi imeishia magotini, kisanduku cheusi kinaning'inia shingoni, mkononi kikapu chenye kifuniko. Akatoa barua ya boma, akampa Mwenyekiti wetu wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa na kikohozi cha tumbaku, hasemi maneno matatu bila kukohoa. "Huyu ni, kho! mwanafunzi wa chuo, kho! anaitwa Skolastika Komba. Kaja kupiga, kho! sura zetu." Tukiwa bado tunaitafakari hiyo kupiga sura, kikapu kikasema nyau.

Wanawake wote nyuma hatua tatu.

Msichana akafungua kifuniko, akatoka paka wa rangi ya kitumbua kilichoiva sana, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Kitumbua. Akamwita: "Kitumbua! Njoo, mwanangu." Na paka akaja! Paka wa kwetu ukimwita anakutazama kama umemtukana. Bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa kichwa cha nyumba yetu na nusu ya kijiji, alininong'oneza bila kufungua meno: "Mnyama anayeitika jina ni mnyama anayetumwa. Leo paka, kesho mamba."

Mgeni aliyekuja na barua hukatai kumlaza, na nyumba yenye chumba cha ziada ilikuwa yetu. Bibi akampokea kwa maji ya kunawa na ubwabwa wa nazi, anacheka mpaka jino la mwisho, huku jicho moja liko kwenye kikapu. Mimi nikapewa kazi yangu: "Mbebee mkoba. Akila uone, akitema uone. Jioni uniletee, sauti na yote." Maana mie tangu utotoni ni kasuku. Nikikusikia mara moja, ninakutoa mzima mzima, na mafua yako ndani.

Kwa hiyo kila jioni nilikaa jikoni, Bibi na mashoga zake wananisikiliza kama redio, nnamtoa Dada Skola. Alikuwa mtu wa bara huko Songea, Kiswahili chake kinakwenda mguu upande. Na masimulizi yake ya chuo, wenzangu! Walikuwa wanne chumba kimoja, na paka, na kobe wa rafiki yake. Wanyama marufuku. Matroni akija kukagua, kobe anafunikwa beseni, Kitumbua anatiwa ndani ya sanduku la nguo, na mmoja wao anaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa nguvu ili mtu asisikie nyau. Bwaloni kila msichana anatoka na kichwa cha samaki kwenye leso. Kazi yao ya kwanza ya picha ilikuwa wapige sura ya kiumbe aliyetulia. Wenzake wakahangaika na watu, watu wanapepesa macho. Rafiki yake akampiga kobe, akapata maksi kuliko darasa zima. Yeye kampiga paka, ikatoka picha ya mkia.

Mie nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bibi hakucheka. "Paka analala ndani ya sanduku la nguo na haoni joto? Endelea."

Nikaendelea, mpaka kwenye jambo lililokuwa linamkosesha Dada Skola usingizi. Mwalimu wake alikuwa hamwamini. Wanafunzi waliotangulia walitumwa vijijini, wao wakabaki mjini, wakapiga wauza mchicha wa karibu na chuo, wakasema hawa ni watu wa mbali. Kwa hiyo safari hii mwalimu alitaka sura kumi na mbili, na kila sura na jina la mwenyewe na kijiji chake, ili wahakikishe. Na kwa Dada Skola aliongeza lake, kwa sababu matroni alishamkamata na paka na alishaandikwa onyo mara moja. Nikamtoa mwalimu huyo kama Dada Skola alivyonitolea, kidole kikinyanyuliwa: "Skolastika, ukinidanganya hata jina moja, kitabu chako nakifunga."

Mashoga wa Bibi wakatazamana. Sufuria tu inatokota. Mimi nilidhani wamemwonea huruma.

"Sura," akasema Bibi, anahesabu kwa vidole vyenye unga. "Jina. Na mnyama anayeitika. Huyu amekamilika."

Kesho yake agizo lilikuwa limeshazunguka kijiji kizima, mdomo kwa mdomo, halikupita hata mbele ya kikapu: sura apewe, kwa sababu ni mgeni. Jina la mtu asipewe. Na jina la marehemu lisitumike, tusije tukawasumbua waliolala. Tafuteni jina lisilo la mtu yeyote.

Nyie hamjaona kijiji kikibuni majina. Mwenyekiti alikaa kitini, kikombe cha chai mkononi, Dada Skola akainama kwenye kisanduku chake, ka-chak! "Jina lako, mzee?" Mwenyekiti akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama chini. "Athumani, kho! Kikombe." Mvuvi mmoja, kasia begani, akasema anaitwa Juma Kasia. Bibi alivaa kanga mpya, akakaza shingo kama anapimwa urefu, akasema, "Siti binti Upepo," na pepo za asubuhi zilikuwa zinampeperusha mtandio hapo hapo. Mimi nimesimama pembeni na mkoba, nimeuma kanga mdomoni nisipasuke. Dada Skola akaandika yote kwenye kidaftari, herufi moja moja, anarudia kwa upole kama mtu anayeonja: "Siti binti Upepo. Majina yenu mazuri jamani."

Wa kumi na mbili nilikuwa mimi. Alinishika kidevu kuninyoosha uso, vidole vyake vina harufu ya sabuni ya mjini. "Na wewe, msaidizi wangu? Siku zote nakuita Mdogo wangu tu." Kwa sababu nyumbani walikuwa wananiita "wee" mbele yake, wala yeye hakuwahi kunibana. Nikataja jina. Si langu. Halikunikwama popote, lilitoka laini kama mlenda.

Akaondoka asubuhi, Kitumbua ndani ya kikapu, akatuahidi kila mtu atatumiwa sura yake. Kila mtu akashukuru. Bibi akamfungia mchele kwenye kitambaa, kisha akamwaga maji pale mgeni alipokanyaga, nyayo zake zisirudi.

Tukavuna. Hakuna aliyechukuliwa na mamba, na Bibi akawa anatembea kama aliyeshinda kesi.

Msimu wa jua kali alifika karani kutoka boma, mwembamba, soksi zimepanda mpaka magotini, sauti yake nyembamba vile vile, inakatika mwishoni kama uzi. Akataka mkutano. Akasema ana barua. "Chuo kimoja cha Dar es Salaam kinauliza kuhusu watu wafuatao. Nikisoma jina lako, simama." Picha hakuwa nazo, zilibaki chuoni. Alikuwa na majina tu.

"Athumani Kikombe."

Tukatazama ardhini. Mwenyekiti, aliyekaa kando yake kabisa, akakohoa kikohozi kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumsikia, akasema, "Hatuna."

"Juma Kasia." Hatuna. "Siti binti Upepo."

"Huyo si wa huku," Bibi akajibu, amejaa heshima. "Waulize watu wa Mahege, huko ndiko watu wenye majina ya namna hiyo."

Watu wakaguna kwa kicheko. Lakini mie nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Bibi, nikamwona ameishika kanga yangu, haiachii. Akaniinamia sikioni: "Umeona? Nilisema. Majina yameanza kuitwa." Na wallahi, wenzangu, niliamini. Maana ilikuwa kweli. Yule mtu mgeni amesimama hatua chache kutoka mtoni, na anaita majina yetu, moja baada ya moja, kwa karatasi. Yote kumi na mawili aliyaita, hakuna aliyesimama. Tulimwona Bibi amewaokoa watu kumi na wawili mchana kweupe.

Karani akakunja barua. Akauliza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayetafuta pa kushika: "Basi, yule mwanafunzi mwenyewe je? Msichana mwenye kamera. Na paka. Alifika hapa, hakufika?"

Nani angemjibu amefika? Ukikubali mtu, umekubali na majina. Karani akawaacha wakubwa, akanitazama mimi, akatabasamu, maana watoto hawajui kuficha. "Wee binti. Umemwona dada mwenye paka?"

Siku hiyo sikumwiga mtu yeyote. Nilijibu kwa sauti yangu mwenyewe.

"Sikumwona, bwana."

Bibi alinishika kichwa, akanishika kama mtu anavyoshika kitu cha thamani. Jioni ile nilipewa paja la kuku, ambalo kwetu hapewi mtoto wa kike. Nililila mpaka mfupa, na furaha niliyokuwa nayo ni furaha ya mtu aliyeokoa watu wake. Kumbukeni hilo kabla hamjanihukumu. Ile barua ilikuwa inauliza jambo moja tu, kama Dada Skola alisema kweli. Hilo sikulijua. Mtoto anayebeba maneno ya watu siku nzima kinywani, anamtoa mwalimu na kidole chake, "kitabu chako nakifunga," na hajasikia alichokitoa.

Maana ya maneno yale, kwamba angefukuzwa chuo kwa ajili yetu, ilinijia nikiwa mama wa watoto watatu, nnakoroga uji, bila sababu. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka uji ukaungua.

Nikachukua miaka mingine kupata ujasiri. Nilipokwenda Dar kumuuguza dada yangu, niliuliza njia ya chuo cha zamani kinachofundisha picha, mpaka nikafika getini pake. Nimevaa kanga zangu mbili, nimesimama kwenye foleni ya wazazi waliokuja kulipa ada. Mama mmoja wa ofisini, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akanionea huruma. Akatoa vitabu vya wale waliomaliza, mwaka mmoja kabla ya ule niliomtajia na miaka mitatu baada, akapitisha kidole chake kila mstari na midomo inachezacheza. Nilikikodolea kidole kile mpaka macho yakauma.

"Skolastika Komba hayumo, mama," akasema. "Una hakika ndilo jina lake?"

Nikamwambia nnayo hakika. Halafu nikajiuliza, hakika nimeitoa wapi? Barua ya boma hatukuisoma. Mwenyekiti ndiye aliyetuambia jina lile, na yeye kusoma kulikuwa kwa kubabaisha. Na msichana aliitika tu, akatabasamu, akatoka na paka wake. Mjanja yule, aliyelala miezi na mnyama marufuku chini ya pua ya matroni. Huenda alituona tangu siku ya kwanza, sura zetu na macho yetu, akasema moyoni, hawa nao wasipewe jina la kweli.

Yako mambo mawili, wenzangu, na hakuna la tatu. Ama hayumo kwenye kitabu kwa sababu mimi nilimtoa, au hayumo kwa sababu alitudanganya, na yuko mahali, mzee kama mie, alimaliza chuo kwa jina lake halisi, kitabu chake kikafungwa na cheti ndani.

Kila sala nnamwombea awe alitudanganya.