Jani la Sale Mlangoni kwa Aika

Katika nyumba kumi na moja ambazo Aika alizikuta Kijenge alipoolewa mwaka 1979, ni mbili tu zilizobaki na wenyewe wa zamani: yake na ya Naserian. Nyingine ziliuzwa, zikavunjwa, yakapanda maghorofa yenye mageti yasiyobishwa hodi.

Kati ya nyumba za wajane hao wawili palikuwa na kiwanja kitupu chenye njia ya miguu. Kila alasiri Naserian alipita pale na kibuyu cha maziwa, akarudi na ndizi. Kuzunguka kwa barabarani kulitaka magoti ambayo hawakuwa nayo tena. Basi Agnela, mwenyeji wa Marangu kama Aika, alipokinunua kiwanja na kuanza kujenga ukuta, Aika alihesabu mistari ya tofali mpaka wa nne, kisha akafunga dirisha la upande ule asiuone.

Ijumaa moja alimwona Agnela akija kwake na jani la sale, ule mmea wa mipaka ya Wachaga, mkononi. Mchaga aliyekosa huja na jani hilo kuomba radhi, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Akilipokea tu, atakuwa amesamehe kuzibiwa njia. Akajibanza nyuma ya banda la kuku.

"Hodi! Shikamoo, bibi!"

Kuku wakatawanyika kwa kelele, wakamsaliti.

"Aika!" Hiyo ilikuwa sauti ya Naserian. "Toka huko! Kanga yako naiona, nyekundu kama ya bibi harusi!"

Aika akachungulia. "Wewe umepita wapi na magoti hayo?"

"Mlangoni."

"Mlango gani?"

Agnela akaonyesha. Penye njia ya zamani, ukutani, palikuwa na mlango mdogo wa bati. Upande wa pili wa kiwanja, mwingine kama huo.

"Bibi Naserian alinieleza habari ya njia yenu. Ila mafundi wamekuvunjia sale la mpakani, nikaona nisije mikono mitupu."

"Kumbe kosa lenyewe ni hilo tu!"

"Makelele yote haya kwa jani," alisema Naserian.

"Nyamaza, Mwarusha wewe, haya huyajui." Aika alilipokea kwa mikono miwili, akashusha pumzi ndefu. "Haya, maziwa yako wapi?"

Naserian alikuwa ameyasahau kwake kwa haraka ya kuja. Akaenda kuyachukua, na chai aliyoinjika Aika haikuwa hata imechemka, komeo la mlango wa bati likalia: amesharudi.