Kanzu Yangu Chini ya Mnyororo

Trekta likipandishwa kwenye tela halifungwi kwa haraka, ndugu zangu. Ijumaa iliyopita pale Mazinde niliwaeleza wapakizi taratibu: mnyororo mbele, mnyororo nyuma, magogo chini ya magurudumu, kisha kaza kwa mtaimbo na usilegeze mpaka Lushoto. Wa mwisho niliukaza mwenyewe, nikiwa na kanzu yangu ya msikitini.

“Hapa hakitoki kitu,” nikajisifu.

Mara akatokea njiani mama wa binti niliyemposa, na posa yangu ilikuwa haijajibiwa. Kwetu Washambaa mkwe hatazamwi usoni, unampisha njia. Nikaruka nimpishe, nikarudishwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Pindo la kanzu lilikuwa chini ya mnyororo.

“Legezeni,” nikanong’ona.

“Si umesema mpaka Lushoto, kaka?” akajibu mpakizi mmoja.

Nikafunika uso kwa kofia. Mama akageukia upande wa mlima, akawaambia wapakizi, “Mwambieni kijana atulie, mimi nitapita. Na nyumbani nitasema nimemwona, anafunga vizuri.”